Pale Vyuma Vinapoishia: Mwongozo wa Kuulinda Mgongo Baada ya Upasuaji

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Uchindile, Mlimba, Chita au kwingineko katika bonde la Kilombero, ambaye umeambiwa kuwa mgongo wako uliopinda unahitaji kunyooshwa na kufungwa vyuma. Ni wako pia ikiwa upasuaji umekwisha na unajiandaa kurudi nyumbani. Msomee mke au mume, watoto na wakwe watakaokuuguza, maana sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa humu itakuwa mikononi mwao.

Upasuaji wa namna hii hufanyika mbali na kwetu. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au St. Francis ya Ifakara, kisha hufika Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Huko utakaa kwa saa chache katika chumba cha upasuaji na kwa siku kadhaa wodini. Baada ya hapo miezi na miaka inayofuata utaimalizia nyumbani, penye miteremko, ndoo za maji na mashamba ya mpunga. Madhara ninayoyazungumzia hapa, yaani mgongo kuinama au kuvunjika pale vyuma vinapoishia, huonekana zaidi katika kipindi hicho, na mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Kwa hiyo usidhani kwamba kazi ya kuyazuia ni ya daktari peke yake.

Tatizo lenyewe

Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha unakalia mfupa wa nyonga. Mgongo wa mtu mzima hupinda kwa sababu nyingi: pingili huchakaa kwa umri, kibiongo cha utotoni huendelea kukua, mifupa dhaifu hubonyea, au kifua kikuu cha mifupa hula pingili na kuuacha mgongo umekunjika. Daktari akiunyoosha huingiza skrubu kwenye pingili, huziunganisha kwa fito mbili za chuma, na hupanga vipande vya mfupa ili pingili zile ziote pamoja ziwe mfupa mmoja.

Mkulima ameshaona jambo linalofanana na hili. Mpini wa jembe uliopasuka ukiufunga banzi la chuma, sehemu iliyofungwa huwa imara kuliko awali, lakini ukiendelea kulima kwa nguvu mpini hukatika pale banzi linapoishia. Mgongo nao, sehemu yenye vyuma haipindi tena, hivyo kila unapoinama au kubeba mzigo, nguvu zote huangukia pingili iliyo juu kidogo ya chuma cha mwisho, au iliyo chini yake.

Madhara ya hapo ni ya viwango viwili. Cha kwanza ni mgongo kuanza kuinama mbele juu ya vyuma. Mwaka 2005 Glattes na wenzake nchini Marekani waliweka kipimo ambacho madaktari wengi bado wanakitumia: pembe ya mahali hapo ifikie nyuzi 10 au zaidi, na iwe imeongezeka kwa nyuzi 10 au zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya upasuaji. Katika taarifa nyingi za watu wazima waliofungwa vyuma virefu, wagonjwa kati ya 20 na 40 kwa kila 100 hupata hali hiyo. Wengi wao hawana maumivu makali wala hawahitaji kupasuliwa tena. Wanachohitaji ni kufuatiliwa.

Kiwango cha pili ni kibaya zaidi, ingawa huwapata wachache. Pingili ya juu huvunjika, skrubu hung'oka, au pingili huteleza kutoka mahali pake na kubana mishipa ya fahamu. Hapo mtu anaweza kupooza miguu. Mwongozo huu unalenga mambo mawili: kupunguza uwezekano wa kiwango cha kwanza, na kukuwezesha kukitambua mapema kabla hakijawa cha pili.

Jijue kama uko hatarini zaidi

Mwambie daktari mapema ikiwa lolote kati ya haya linakuhusu:

- Una zaidi ya miaka 55, au ni mwanamke uliyekoma hedhi.
- Umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu.
- Una uzito mkubwa, kisukari, au ugonjwa wa kutetemeka unaofanya misuli ikakamae.
- Unavuta sigara au unatumia ugoro.
- Umetumia prednisoloni kwa muda mrefu, hata kama uliinunua mwenyewe duka la dawa.
- Unatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye tenofovia. Dawa hii hupunguza kiasi fulani cha uimara wa mifupa. Usiiache kamwe kwa hofu hiyo. Mweleze daktari wa mgongo na kliniki yako ya tiba na matunzo ili wapange pamoja.
- Umewahi kuugua kifua kikuu, au unakohoa, unakonda na kutokwa jasho usiku. Kifua kikuu kinachoendelea lazima kitafutwe na kitibiwe, na dawa zake hutolewa bure nchini.

Vilevile hatari huongezeka vyuma vikifika hadi nyonga, na mgongo ukinyooshwa kwa kiasi kikubwa mno. Hayo yataamuliwa na daktari, lakini una haki ya kuyauliza, na maswali yake yako mbele.

Miezi kabla ya upasuaji

Upasuaji wa mgongo uliopinda kwa watu wazima mara nyingi hauna dharura. Ikiwa miguu haijaanza kulegea na mkojo unatoka kama kawaida, kwa kawaida kuna muda wa kujiandaa. Utumie kama ifuatavyo.

*Pima mifupa.* Omba kipimo cha uimara wa mifupa. Majibu yake huandikwa kwa namba. Ikiwa ni -2.5 au chini zaidi, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mifupa imedhoofika kiasi cha kuitwa ugonjwa. Kipimo hicho kikikosekana, muulize daktari kama picha ya CT utakayopigwa kwa ajili ya upasuaji inaweza kumsaidia kukadiria uimara wa pingili, kwa kuwa inawezekana. Skrubu iliyoingizwa kwenye mfupa laini haishiki, na pingili laini iliyo juu ya vyuma ndiyo ya kwanza kuvunjika.

*Kama mifupa ni dhaifu, itibiwe kwanza.* Kuna vidonge vya alendroneti vya kila wiki, kuna dripu ya zoledroneti ya mara moja kwa mwaka, na kuna sindano ya teriparatidi inayochomwa kila siku. Tafiti zinaonyesha kuwa teriparatidi hupunguza kuvunjika kwa pingili jirani na vyuma, lakini ni ghali na inatakiwa kukaa kwenye jokofu. Mwambie daktari ukweli kuhusu nyumbani kwako: kama hakuna umeme wa uhakika, dripu ya mara moja kwa mwaka inaweza kukufaa zaidi ya sindano itakayoharibikia njiani. Usisahau kupimwa figo kabla ya dawa hizi.

*Kula kwa ajili ya mfupa na misuli.* Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalisi kwa siku. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani husaidia. Perege na kambale wa Kilombero, mayai na karanga hujenga misuli. Vitamini D hutokana na jua linaloipiga ngozi. Mzee anayeshinda ndani kwa sababu ya maumivu anaweza kuikosa ingawa tunaishi kwenye nchi ya jua. Mtoe nje kila siku, na uulize kama anahitaji vidonge.

*Acha sigara na ugoro* angalau wiki 4 hadi 6 kabla, na usivirudie mpaka mifupa iungane. Nikotini hukwamisha mfupa kuota.

*Imarisha misuli.* Tembea kila siku kadiri unavyoweza. Mtaalamu wa mazoezi tiba akufundishe mazoezi ya misuli ya mgongo na ya makalio kabla hujapasuliwa, ili ukiamka uwe unayajua.

*Chagua msimu.* Hili ndilo wengi hulisahau. Bondeni mpunga hupandwa mvua zinapoanza na huvunwa kuanzia mwezi wa 5. Ukipasuliwa baada ya mavuno, miezi yako ya hatari zaidi itaangukia kiangazi, njia zikiwa kavu na shamba likiwa limelala. Hata hivyo panga kabisa kwamba msimu unaofuata hutaingia shambani. Kaa na familia mtafute vibarua, au mkodishe shamba kwa msimu mmoja, kabla hujapanda gari kwenda Dar es Salaam. Mtu ambaye shamba lake halina mwangalizi hurudi kwenye jembe kabla ya wakati, hata awe ameonywa vipi.

*Panga gharama.* Omba barua ya rufaa mapema na uulize bima yako inalipia nini, hasa vyuma vyenyewe. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu.

Maswali matano ya kumuuliza daktari

Yaandike kwenye karatasi na uende na ndugu mmoja wa kusikiliza.

1. *Vyuma vitaanzia pingili ipi na kuishia ipi, na kwa nini?* Vyuma havipaswi kuishia kwenye kilele cha kipindo, kwa sababu pingili ya hapo tayari inavutwa mbele. Madaktari wengi huchagua kati ya kuishia karibu na pingili ya 10 ya kifua au kupanda juu zaidi karibu na mabega. Wagonjwa ambao vyuma vyao vinaishia chini hupata zaidi kuvunjika kwa pingili. Kwa wale ambao vyuma vyao vinaishia juu, nyama na kano ndizo hulegea zaidi na kuruhusu pingili kuteleza.

2. *Utaninyoosha kiasi gani kwa umri wangu?* Zamani lengo lilikuwa moja kwa wote. Tangu mwaka 2016, kazi ya Lafage na wenzake imeonyesha kuwa mzee ana mkao wake tofauti na wa kijana, na kumnyoosha kupita kiasi huongeza mzigo pale vyuma vinapoishia. Usimshinikize daktari akurudishe ulivyokuwa ukiwa na miaka 20.

3. *Utailindaje pingili iliyo juu ya vyuma?* Wapo wanaotumia ndoano badala ya skrubu kwenye pingili ya mwisho, wapo wanaofunga mikanda imara kuunganisha vyuma na pingili za juu, wapo wanaoingiza saruji ya mifupa. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja: kano na misuli ya pingili ya juu isikatwe bila sababu. Hakuna njia inayozuia tatizo kabisa, lakini daktari aliyelifikiria atakujibu.

4. *Nitapigwa eksirei ya mgongo mzima nikiwa nimesimama, kabla na baada?* Picha ya kulala haionyeshi jinsi mgongo unavyobeba uzito. Omba nakala za picha zote mbili, uzihifadhi. Bila picha ya mwanzo, hospitali yoyote utakayokwenda baadaye haitakuwa na cha kulinganisha.

5. *Nikipata tatizo nikiwa Uchindile, nimpigie nani?* Usitoke wodini bila namba ya simu ya kitengo kilichokupasua.

Safari ya kurudi

Kama una ndugu Dar es Salaam, kaa naye hadi kliniki ya kwanza, ambayo mara nyingi huwa wiki ya 6. Utakuwa umevuka sehemu kubwa ya kipindi cha hatari ukiwa karibu na waliokupasua.

Uchindile ina stesheni ya TAZARA, kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako ambacho milima yake iliwasumbua wajenzi kuliko sehemu nyingine zote za reli ile. Treni ya abiria ikiwa inafanya safari, lipia kitanda cha chini ili usafiri umelala. Ulizia siku zake kabla. Ukienda kwa gari, kaa kiti cha mbele kilicholazwa nyuma kidogo, simama utembee kila baada ya saa moja, na uombe dereva apunguze mwendo penye makorongo. Bodaboda usipande kabisa kwa miezi 3 ya kwanza: kila shimo hukupiga kutoka chini kwenda juu, na pigo huishia juu ya vyuma. Kutoka stesheni hadi nyumbani, ni bora utembee taratibu huku ukipumzika.

Miezi 3 ya kwanza nyumbani

Kanuni ni tatu: usiiname kiunoni, usinyanyue kizito, usijipinde. Familia iandae nyumba kabla hujafika.

- *Kitanda.* Lala kwenye kitanda kilichofika urefu wa magoti. Mkeka wa chini ni hatari kwa sababu ya kuinuka. Ukitaka kugeuka, mabega na nyonga viende pamoja. Ukitaka kuamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono.
- *Choo.* Choo cha kuchuchumaa hukulazimisha kuinama na kujivuta. Fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na nguzo ya kushika pembeni.
- *Jiko.* Mafiga ya chini ni ya wengine. Kama ni lazima upike, jiko liinuliwe juu ya matofali hadi usawa wa kiuno.
- *Maji.* Kikomo chako ni takriban kilo 5, na ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Kuibeba kichwani ni kuibebesha pingili iliyo juu ya vyuma mzigo wote. Chota kwa kidumu cha lita 3, ukibebe karibu na mwili.
- *Usafi.* Fagio liwe la mpini mrefu. Beseni la nguo liwekwe juu ya meza. Mtoto asibebwe mgongoni.
- *Ibada.* Mwislamu aswali akiwa ameketi kwenye kiti, kwani mgonjwa ana ruhusa. Mkristo akae au asimame.
- *Usiku.* Kuanguka mara moja kunaweza kuvunja pingili. Weka tochi karibu, ondoa kamba na vigoda njiani, na masika yakifika tumia fimbo kwenye matope.

Kuketi au kulala mchana kutwa si kujilinda. Tembea nje mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara, ukiongeza taratibu hadi nusu saa. Kichwa kiwe juu, macho yaangalie mbele, na unapotazama simu iinue usawa wa macho. Dawa za maumivu kama diklofenaki usijinunulie bila kumuuliza daktari, kwa sababu huenda zikachelewesha mifupa kuungana.

Kurudi kazini na shambani

Mifupa huchukua takriban miezi 6 hadi 12 kuungana. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kwa ruhusa ya daktari, unaweza kuanua nguo, kuuza dukani, kufuga kuku, kusimamia vibarua. Kupandikiza mpunga ni kazi ya mwisho kabisa kufikiriwa, kwa kuwa humweka mtu ameinama kwa saa nyingi mfululizo. Wengine wataambiwa waiache moja kwa moja. Kulima kwa jembe la mpini mfupi na kubeba gunia navyo ni hivyo hivyo. Ukipona vizuri, palizi ifanyike kwa jembe la mpini mrefu, kwa muda mfupi, ukiwa umesimama wima.

Jipime mwenyewe kila mwezi

Huhitaji mashine kutambua kuwa mgongo unaanza kuinama. Simama visigino vikigusa ukuta, tazama mbele bila kulazimisha kichwa kurudi nyuma. Mtu mwingine apime kwa rula umbali kati ya kisogo na ukuta, aandike tarehe na sentimita kwenye daftari. Pima wiki ya kwanza unapofika nyumbani. Hicho ndicho kipimo chako cha kuanzia, hata kama si sifuri. Kisha akupige picha ya simu kutoka ubavuni, mahali pale pale kila mwezi. Umbali ukiendelea kuongezeka, piga namba uliyopewa na utume picha. Usisubiri maumivu, maana wengi hawayasikii mwanzoni.

Eksirei kwa kawaida hurudiwa karibu na wiki ya 6, miezi 3, miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Fuata ratiba ya daktari wako. Kama nauli ya Dar es Salaam inashindikana, omba wakuandikie eksirei ipigwe Ifakara ukiwa umesimama, na picha itumwe kwao.

Dalili za kutosubiri hata kesho

- Maumivu mapya makali juu ya kovu, hasa baada ya kuanguka au kusikia kitu kikikatika.
- Uvimbe mgumu unaosukuma ngozi, au kichwa kuanguka mbele ghafla.
- Miguu kulegea, kufa ganzi, au kujikwaa bila sababu.
- Mkojo kuziba au kutoka wenyewe, au ganzi sehemu za siri.
- Homa, kidonda kutoa usaha au kufunguka.

Mgonjwa wa namna hiyo alazwe chali juu ya ubao au godoro gumu, asikalishwe kwenye pikipiki, na apelekwe kituo cha afya ili rufaa itolewe siku hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu iliyobanwa inaweza kuokolewa ikifunguliwa mapema, na kila saa inayopita hupunguza nafasi hiyo.

Anza na mambo haya

Wiki hii, kabla ya jambo lingine, ikutanishe familia na mgawane kazi kwa majina: nani atachota maji, nani atasimamia shamba msimu mzima, nani ataongozana nawe kliniki, nani ataandika daftari la vipimo. Muite fundi apime kitanda na kiti cha choo. Weka nakala za eksirei, barua ya rufaa na namba ya kitengo kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, na kila mtu nyumbani ajue ulipo. Daktari ataunyoosha mgongo kwa siku moja. Nyumba iliyojipanga hivi ndiyo itakayousaidia kubaki umenyooka.